Wapiga Kura wa Mto Msalaka

Kwanza niwaondoe wasiwasi. Nchi ninayoisimulia haipo jirani nanyi. Inaitwa Jamhuri ya Shwari, na mkiitafuta kwenye ramani msiipate, msiilaumu ramani. Atakayeona humu mtu anayemfahamu, basi amefananisha, na kufananisha si kosa mradi mtu asifananishe kwa sauti.

Mimi huko ni katibu mwenezi wa tawi la Chama cha Tuendelee, katika jimbo la Ng'ambo Hii. Kazi ya katibu mwenezi ni kueneza habari kwamba mambo ni mazuri. Nimeifanya miaka mingi na sijawahi kukosa la kueneza, ingawa zipo siku nilizoyaeneza hayo mazuri tumbo likinguruma kunipinga.

Chama cha Tuendelee si chama pekee nchini. Vipo vingine, vyenye bendera na nyimbo na kila kitu, na uchaguzi mkuu hufanyika kwa amani kabisa kwa kuwa kila mtu anamjua mshindi. Kinachotutoa jasho ni mchujo, yaani pale wanachama tunapoamua nani apeperushe bendera ya chama kugombea ugavana. Ukishaupita mchujo, ugavana unakwenda kuuchukua tu, kama nguo kwa dobi.

Sasa lipo jambo moja la kwetu ambalo lazima niwaeleze. Kwetu watu hawapangi foleni. Tunapanga mawe. Serikali ya Shwari ni ya watu wasio na papara, na bombani au kliniki unaweza kungoja hadi ndevu zikuote. Kwa hiyo unafika, unaweka jiwe lako nyuma ya jiwe la mwenzako, unakwenda kulima, unapika, hata unaoa, kisha unarudi zamu yako ikikaribia. Jiwe la mtu ni mtu. Hakuna anayelisogeza, hata mlevi hulizunguka na kuliomba radhi. Pale ofisi ya ardhi lipo jiwe la babu yangu, aliyekuwa akifuatilia hati ya shamba. Babu alifariki, baba akalirithi, na sasa ni langu. Nimeambiwa mbele yangu wamebaki watatu, wawili kati yao marehemu.

*

Upande wetu wa mto Msalaka kuna watu. Upande wa pili kuna hospitali. Tulipouliza kwa nini, walikuja wataalamu wakatueleza kwamba hospitali inahitaji utulivu, na wagonjwa wana tabia ya kupiga kelele.

Daraja tunalo, kwa maana ya bajeti. Kila mchujo unapokaribia, gavana wetu, Mheshimiwa Daktari Injinia Belewa, huja ukingoni kuweka jiwe la msingi la daraja. Udaktari alitumiwa kwa posta na chuo kimoja cha ughaibuni. Uinjinia alijipa mwenyewe ili udaktari usiwe mpweke. Mawe yake ya msingi yamefika manne, yote ya marumaru, kila moja kubwa kama kitanda, yameandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu. Wageni wakija huwa tunawapeleka kupiga picha hapo, maana hakuna jimbo jingine lenye daraja lililoanza mara nyingi kiasi hicho.

Siku ya jiwe la nne ndiyo siku Sikitu aliposhikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Sikitu ni binti wa Bi. Chausiku, mwenyekiti wa Jumuiya ya Wanawake wa chama hapo tawini. Walimkimbiza mtoni, lakini mtumbwi wa kuvusha ulikuwa umekodiwa kuvusha viti vya wageni, pamoja na keki iliyotengenezwa kwa umbo la daraja. Sikitu akajifungulia kwenye majani, hatua chache kutoka kwenye kipaza sauti. Mtoto hakulia. Bi. Chausiku alivua kanga yake ya juu akaikung'uta apate kumfunika, na Mheshimiwa, aliyedhani anashangiliwa, akampungia mkono. Ilituuma sana. Mimi mwenezi nasema ilituuma, na bado inatuuma.

Mwaka wa mchujo ninaousimulia, Sikitu alikuwa mjamzito tena. Mkunga alikuwa amempapasa na kusema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa kuzaliwa hospitali, hakuna mjadala. Mtumbwi ulikuwa umekwishachukuliwa na maji. Masika yalikuwa yanabisha hodi, na mto ukiwa tayari umefika mtu kifuani. Tangu hapo Bi. Chausiku hakuwa na salamu nyingine. Ukimwambia hujambo, anakuuliza mwanawe atavuka vipi.

*

Makao makuu yakatuletea msimamizi wa mchujo, Ndugu Pazi, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni na darubini kifuani. Alitukusanya katika uwanja wa shule ya msingi akatuhutubia.

"Ndugu wanachama," alisema, "mchujo uliopita tulitumia karatasi, na karatasi zilionyesha tabia mbaya ya kuzaana ndani ya sanduku. Kwa hiyo Halmashauri Kuu, kwa hekima yake isiyo na mfano wala mashahidi, imeamua kwamba safari hii tutachagua kwa mlolongo. Kila mgombea atakuwa na bendera yake, na wanaomtaka watajipanga kuanzia pale. Hatutahesabu, maana kuhesabu huleta ubishi. Mlolongo mrefu ndio mshindi."

Tukapiga makofi. Akaongeza masharti. Mlolongo usipinde, kwa sababu mlolongo uliopinda ni dalili ya wanachama waliopinda. Mpiga kura asiyeonekana kwa macho hatakubaliwa, kwa sababu wapiga kura wasioonekana walikipa chama ushindi mkubwa mno mara iliyopita, hadi mabalozi wakacheka. Tena filimbi ya mwisho haitapulizwa maadamu upande mmoja bado una mtu wa kuongeza. Baada ya hapo akanywa soda.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mheshimiwa Belewa mwenyewe, aliyesema hautaki tena ugavana ila ugavana unamtaka. Wa pili ni Tajiri Shomvi, mwenye machimbo ya mawe kule kilimani, aliyesema ameombwa na wazee agombee. Wazee hao aliwaleta uwanjani kwa lori lake, wakashushwa, wakamwomba, wakapandishwa.

Bendera mbili zikasimikwa katikati ya uwanja. Mlolongo mmoja uelekee kilimani na mwingine uelekee mtoni. Mheshimiwa, kwa kuwa ndiye mwenye kiti, akapewa nafasi ya kuchagua kwanza, naye akawa ameshaunyoosha mkono kuonyesha kilimani. Hapo Bi. Chausiku akamsogelea kwa adabu zote.

"Mwanangu, utawaacha vipi watu wako wa mtoni?"

"Watu gani hao, mama?"

"Wale wazee wako wanne wa marumaru. Wako ukingoni wamesimama tangu zamani, wana jina lako kifuani, na wako mstari mmoja na bendera. Hao ni wako kabla hata kuku hajawika. Ukienda kilimani unawaachia nani, Shomvi?"

Mheshimiwa akageuka kuyatazama mawe yake ya msingi yanavyong'aa juani. Nilimwona akilengwalengwa na machozi. Akachagua mtoni.

*

Siku ya mchujo Ndugu Pazi alifika uwanjani asubuhi na filimbi mdomoni, akasimama, filimbi ikamdondoka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mistari miwili ya mawe, mmoja ukianzia kila bendera, kimya na kwa nidhamu.

"Watu wako wapi?" aliniuliza.

"Hawa hapa, Ndugu."

"Mimi naona mawe."

"Ndiyo. Huyu ni Mzee Mbonde, yule mnene ni mkewe, na huyu aliyechongoka ni mwalimu wa hesabu. Wameshika nafasi, wamekwenda shamba."

Akatoa simu akapiga makao makuu, huku amenipa mgongo. Lakini simu yake ilikuwa ya zile zinazosikika hadi kwa jirani.

"Mawe hayo yana msimamo gani?" makao makuu yakauliza.

"Yamesimama imara, Mkuu."

"Yamewahi kukipinga chama?"

Ndugu Pazi akanigeukia. Nikamwambia hayajawahi.

"Yanadai posho? Kofia? Chakula cha mchana?"

Nikasema hayadai.

Simuni ikatoka sauti ya mtu aliyepata faraja ya maisha yake. "Ndugu Pazi, hao ni wanachama bora kuliko wote tulionao. Wapokee."

Basi mawe yakapokewa. Na kama ujuavyo, jambo likipokewa halikosi wa kulikuza. Adhuhuri likaja lori la Tajiri Shomvi limejaa mawe hadi linachechemea. Ndugu Pazi akauliza hawa ni akina nani. "Wafanyakazi wangu wa machimboni," alijibu Shomvi, na kusema kweli ndiko walikotoka. Mlolongo wake ukauacha uwanja ukaanza kupanda kilima.

Mheshimiwa Belewa alipoona vile akachachamaa. Mjini alikuwa anajenga hoteli ya ghorofa kwa mawe mazuri ya kuchongwa. Mawe hayo, kwa bahati ya ajabu, yalifanana sana na yale ya daraja yaliyopotea stoo mwaka juzi. Akaamuru ibomolewe kuanzia paa. Malori ya serikali yakayarudisha mawe Ng'ambo Hii moja moja, na sisi tukayapokea kwa nyimbo kama ndugu waliotoka vitani. Mimi nilieneza kwamba Mheshimiwa amewarejesha wananchi nyumbani. Mchujo uliotakiwa kwisha saa sita mchana ukaingia wiki ya pili, na mlolongo wa gavana ukafika kwenye wazee wanne wa marumaru. Baada yao palikuwa na maji.

*

"Sasa tupinde kushoto, tufuate ukingo," alisema Mheshimiwa.

"Mlolongo haupindi," alisema Ndugu Pazi.

"Lakini pale ni mtoni."

"Kanuni haikutaja mto, Mheshimiwa. Ingekuwa mto ni udhuru ingeutaja."

Mheshimiwa akatupa jiwe la kwanza majini. Likazama. Ndugu Pazi akaweka darubini machoni, akatazama maji kwa muda mrefu.

"Simwoni," alisema.

Likatupwa la pili juu yake, na la tatu, na mzigo wa nusu lori, mpaka kichwa cha jiwe moja kikachomoza juu ya maji kikimeremeta. "Huyo namwona," akasema Ndugu Pazi, akaandika. Ndivyo tulivyokwenda, hatua kwa hatua. Kwa kila mpiga kura mmoja aliyeonekana, lundo la wenzake lilikuwa chini likimshikilia. Hao wa chini tuliwaita wanachama waasisi.

Shomvi naye hakulala. Alikuwa juu ya kilima karibu na machimbo yake, anachimba hapa anapanga pale, na kila jioni wapambe wake walipiga vigelegele kutujulisha kwamba wamempita gavana. Asubuhi Mheshimiwa alikuwa anakuja na malori mengine. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: watu wawili waliotuambia miaka yote kwamba mawe hakuna, sasa walikuwa wanagombana yashushwe wapi.

Bi. Chausiku aliomba kazi ya kukagua uaminifu. Alipanda juu ya mlolongo na viatu vyake vya kandambili, akawa anawakanyaga wapiga kura mmoja mmoja.

"Huyu anayumba," alisema. "Huyu si wetu. Ni wa Shomvi huyu."

Mheshimiwa akahamaki, akaamuru msaliti abanwe na mawe mengine pande zote mpaka msimamo wake ueleweke. Akabanwa. Bi. Chausiku akaruka juu yake mara mbili akaridhika.

Siku iliyofuata akaja na Jumuiya nzima ya Wanawake, wamejifunga kanga viunoni.

"Baba, sisi tuna swali," alimwambia gavana. "Hawa wa majini wote ni wanaume. Wake zao wako wapi?"

"Mawe yana wake, mama?"

"Kama ni watu, wana wake. Kama hawana wake, mwulize Ndugu Pazi kama bado ni watu."

Mheshimiwa alimtazama Ndugu Pazi, aliyekuwa tayari ameinua kalamu. Akaamuru haraka kila mpiga kura awekewe mkewe ubavuni. Mlolongo ukawa na upana wa watu wawili kupita bila kugongana. Fundi mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, kama tukiziba hivi maji yatapita wapi. Bi. Chausiku akamjibu kwamba katika kila chama wapo wasioamua, na hao waachiwe nafasi zao. Basi zikaachwa nafasi za wasioamua, na juu yake yakalazwa mawe mapana, na mto ukapita katikati yao ukiguna.

*

Sikitu alishikwa na uchungu siku ya Ijumaa, jua likiwa utosini. Nakumbuka kwa sababu Ndugu Pazi ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupima.

"Mheshimiwa Belewa anaongoza," alitangaza.

Mlolongo wa gavana ulikuwa umekaribia kuukata mto. Ulikuwa umebakiza pengo la kiasi cha vitanda viwili kufika ng'ambo, na hapo penye pengo ndipo maji yalipokuwa yakikimbia kuliko kwingine kote. Lakini gavana hakuwa na shida na ng'ambo. Alikuwa na shida na Shomvi, na Shomvi alikuwa nyuma. Hoteli ilikuwa imebaki sakafu. Kule kilimani Shomvi alikuwa amekaa juu ya lori tupu, kashika tama.

"Puliza filimbi," alisema Mheshimiwa.

Wakati huo huo nikamwona Sikitu anakuja, ameshikwa na mkunga kwapani, uso umemvimba, anahema. Alifika kwenye mawe ya msingi akaegemea jina la gavana. Hakulia. Aliyatazama yale majani ya siku ile, akaangalia kando. Bi. Chausiku akaja mbio kwangu, akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikahisi kucha.

"Mwenezi, kaeneze."

"Nieneze nini, Bi. Chausiku?"

"Kwamba Shomvi bado ana mawe."

"Lakini hana."

"Umewahi kueneza lililokuwepo?"

Hapo hakuwa amekosea. Nikachukua kipaza sauti nikapanda juu ya meza ya Ndugu Pazi. "Habari zilizotufikia," nilisema, "ni kwamba Tajiri Shomvi hajamaliza. Bado ana mawe, tena ya akiba." Sauti ikagonga kilima ikarudi. Shomvi akasikia. Mtu tajiri akisikia ametangazwa kuwa ana kitu, huona haya kutokuwa nacho. Akaruka kutoka kwenye lori akaenda mbio nyumbani kwake, akazing'oa ngazi za mawe za baraza lake mwenyewe, mkewe akimpigia mayowe, akaja nazo akazipanga. Ndugu Pazi akaitoa filimbi mdomoni, akapima.

"Bwana Shomvi anaongoza kwa hatua mbili."

Mheshimiwa Belewa alibadilika rangi. Alizunguka pale ukingoni akiokota vijiwe vya kuchezea bao, akivitupa pengoni, navyo vikapotea kama chumvi.

"Mwanangu," alisema Bi. Chausiku. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Wale wazee wako wanne wamebaki nyuma ukingoni. Kwetu wazee hutangulia mbele."

Mheshimiwa akayatazama mawe ya msingi. Yalikuwa makubwa, mapana, mazito. "Lakini wakitoka pale, mlolongo utakatika," alisema.

"Nafasi zao tutawashikia," akasema Bi. Chausiku.

Basi wanaume wakaingiza magogo chini ya yale mawe manne wakayang'oa. Mahali yalipotoka, pale nchi kavu, tukasimama sisi: mimi, Mzee Mbonde, mke wa Mzee Mbonde na mwalimu wa hesabu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika historia ya Shwari watu kuyashikia mawe nafasi. Jiwe la mwaka wa kwanza likaviringishwa juu ya mlolongo na kutupwa pengoni kusimama kama nguzo. La pili likaegemea juu yake. La tatu na la nne yakalazwa juu, chali, herufi za dhahabu zikitazama mbingu, na ncha ya jiwe la nne ikagusa udongo wa upande wa pili. Hivyo mawe ya msingi ya daraja letu yakawa ndiyo yaliyowekwa mwisho.

"Mheshimiwa Belewa anaongoza," alitangaza Ndugu Pazi.

Sikitu alikuwa ameshapanda. Mkunga mbele, mamake nyuma, yeye katikati, mguu mmoja, kisha mwingine. Ndugu Pazi akaweka darubini.

"Nani huyo anayewakanyaga wapiga kura?"

"Ni mwanachama," nikasema. "Anakwenda kumpongeza wa mbele."

Nilikuwa nahesabu nyayo zake nikapoteza hesabu. Alipofika katikati uchungu ukamkamata, akapiga magoti juu ya msaliti yule aliyebanwa siku ile, na yule msaliti hakuyumba. Akanyanyuka. Akalikanyaga jiwe la tatu, akalikanyaga la nne, akaingia ng'ambo. Mheshimiwa, aliyekuwa akifuata kwa macho, akadhani ni maandamano ya kumuunga mkono, akampungia mkono Bi. Chausiku. Bi. Chausiku hakugeuka.

Tulingoja pale ukingoni. Shomvi naye alishuka kilimani akaja kungoja, bila kujua tunangoja nini. Jua lilikuwa limeanza kupoa Bi. Chausiku alipotoka kwenye baraza la hospitali upande ule. Alivua kanga yake ya juu, akaishika kwa mikono miwili, akaipunga juu ya kichwa chake, akaipunga tena na tena.

Jimbo zima lililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, Mzee Mbonde alimkumbatia mwalimu wa hesabu, na mimi nilikaa chini nikalia waziwazi bila kumwenezea mtu yeyote lolote. Ndugu Pazi akapuliza filimbi. Mheshimiwa Belewa alishika kipaza sauti, akasema hajapata kuona ushindi uliopokewa kwa machozi ya namna ile, na kwamba anatushukuru. Tukamwacha ashukuru.

*

Tajiri Shomvi alikwenda mahakamani. Alidai kwamba mawe si watu, kwamba mchujo ubatilishwe, na kwamba mawe yote yaondolewe mtoni. Mheshimiwa Belewa akaapa kizimbani, mkono juu, kwamba kila jiwe lile ni mpiga kura halali mwenye akili timamu. Jaji alifikiri sana. Akatoa hukumu kwamba, kwa kuwa gavana mwenyewe amekiri ni watu, basi kumwondoa yeyote kati yao mahali alipo bila ridhaa yake ni utekaji nyara, na kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeomba kuondoka, wabaki.

Wizara iliyokuwa na bajeti ya daraja ilileta watu kuweka jiwe la msingi la tano. Mheshimiwa aliwafukuza mwenyewe. Nani atamruhusu mtu ajenge daraja juu ya wapiga kura wake? Ameweka askari kila upande. Masika yakimbomoa mmoja, gavana hutoa fedha siku hiyo hiyo chini ya kifungu cha matibabu, anafungwa saruji, anapona. Nimezunguka majimbo mengi ya Shwari kwa kazi yangu, na sijaona kiongozi anayewajali wananchi kama huyu anavyoyajali mawe yale.

Mtoto wa Sikitu ni wa kike. Chama kiliomba aitwe Belewa. Bi. Chausiku alijibu kwamba jina wamekwishampa, anaitwa Pili, ili kila anayemwita akumbuke kwamba alikuwepo wa kwanza. Sasa anatembea na kusema, na anavuka mto na bibi yake kwenda kliniki. Aliambiwa kwamba wale ni wapiga kura, wakubwa kwake, kwa hiyo kila jiwe analolikanyaga huliamkia shikamoo. Kuvuka naye ni safari ya nusu siku.

Juzi Bi. Chausiku alinipitia nyumbani.

"Mwenezi, mchujo umekaribia tena."

"Umekaribia, Bi. Chausiku."

"Bendera zitasimikwa wapi safari hii?"

Nikamwambia hilo ni la makao makuu, sisi wa chini hatuna sauti.

"Najua," alisema. "Lakini sekondari iko kule bondeni, barabara hakuna, na mjukuu wangu anakua. Mheshimiwa ukimwambia kule ana mashabiki waliokosa mahali pa kusimama, hatauliza. Nifuate."

Alikuwa amebeba jiwe mkononi. Nami nikachukua langu, tukashuka wote. Pale bondeni, kwenye matope, Bi. Chausiku akaweka lake, nikaweka langu nyuma yake. Pili alikuwa na la kwake dogo, la kiasi cha ngumi yake. Akaliweka mwisho wa mstari, akalinyoosha lisipinde, akaliambia lisimame hapo hapo, atarudi zamu yake ikifika.